Pacha Aliyesema Mama Hajambo

Mama,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana nikianza kukuandikia bila kukuamkia najua utanigeuzia mgongo hata huko uliko.

Huku tupo. Paa la jikoni lilivuja masika yalipoanza, fundi akabadilisha bati moja na kusema mengine yatavumilia. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, na watoto wa jirani wamempa jina ambalo usingelikubali. Kwaya ya akina mama imempa mtu mwingine nafasi yako kwenye sauti ya pili. Anajitahidi, ila anaingia kabla ya wenzake. Tulikuzika pale ulipotaka, kati ya migomba na ile mibuni ya zamani. Udongo umeshashuka, kwa hiyo Baba Mdogo ataleta mafundi waweke zege na msalaba.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja. Nimemwambia Elibariki. Ulinikataza, nami sikukuahidi. Nilinyamaza nikaendelea kukukanda miguu, na wewe ukachukua kimya changu kuwa ni ndiyo. Sasa mdogo wangu anajua kwamba ulikuwa unaumia. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, jambo ambalo ulipokuwa hai lilikuwa gumu kwako.

Unaikumbuka siku Farhana alipofika nyumbani mara ya kwanza. Ni injinia wa ule mradi uliokuja hospitalini kwetu, binti wa watu wa duka la vitambaa kule Kaloleni, na kabla hujamruhusu afungue begi lake ulimhoji mpaka ukagundua kwamba vitambaa vya sare zetu za shule, zangu na za Elibariki, vilitoka kwa babu yake. Baada ya hapo angekuomba figo ungempa. Alikueleza kwa subira kwamba atakutengenezea pacha wa kidijitali, yaani wewe uliye ndani ya kompyuta. Bangili ya mkononi inampelekea mapigo ya moyo, usingizi, na jinsi unavyojigeuza kitandani. Mimi namwandikia dawa unazokunywa. Na kila asubuhi sauti ya mfumo inakupigia simu kukuuliza hali. Pacha anayakusanya yote hayo, anakisia kesho utaamkaje, kisha anaweka rangi: kijani, ametulia; njano, aangaliwe; nyekundu, atembelewe leo.

Ulimuuliza faida yake ni nini, na mimi ndiye niliyekujibu. Wageni wakija ulikuwa unawaeleza kazi yangu kwa maneno yako: "Huyu anahudumia watu ambao hospitali imeshindwa kuwaponya, ili wasiumie." Tiba shufaa hakuna aliyeieleza vizuri zaidi ya hapo. Lakini timu yetu ina gari moja, na wagonjwa wametapakaa kuanzia huku kwetu juu ya Tengeru mpaka ng'ambo ya Ngaramtoni. Ukiwa na gari moja, kujua uanzie kwa nani ni nusu ya kazi. Pacha angetuambia.

Ulikubali, ukaweka masharti. Bangili isikae mkono wa kulia, huo ni wa kusalimia. Na pacha asihesabiwe kanisani kwa niaba yako. Ukazoea kumwita "mwenzangu." Wageni wakikuuliza ulivyolala unawaambia mwenzangu kalala, mimi nilikuwa macho namlinda. Siku moja ulimshtaki mbele ya mchungaji kwamba ana mapigo yako, ana dawa zako, ana ugonjwa wako, lakini ndizi hajui kumenya. Mchungaji alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Elibariki alimpenda yule pacha kuliko sisi wote. Kutoka Songea anakofundisha hesabu mpaka hapa si safari ya kwenda na kurudi mwisho wa wiki, na Farhana alimwekea programu kwenye simu yake ili aone rangi yako kila asubuhi kabla hajaingia darasani. Alikuwa anakupigia baadaye, saa ya mapumziko, na jambo la kwanza kusema ni, "Mama, nimeona uko kijani." Nawe unamjibu, "Eeh, baba, niko kijani." Ulikuwa unalisema kama mtu anayetaja kabila lake.

Sasa, tatizo. Simu ya mfumo ilikuwa inaanza hivi: habari za asubuhi, Mama, unajisikiaje leo? Unajibu nzuri, namshukuru Mungu. Hapo hapo inauliza maumivu ni kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi, nawe unasema mbili. Inashukuru, inakata. Mama, ni nani kwetu huku anayetoa shida zake kwenye salamu? Mtu akikuuliza habari, hata kama unaungua, ni nzuri. Za watoto, nzuri. Za ng'ombe, nzuri. Za shambani, tunashukuru. Chai inaletwa, inanywewa, na mgeni anapojiandaa kuaga ndipo unaposema, "Ila." Kila muuguzi wa majumbani huku anaijua hiyo ila. Sauti ya mfumo ilikuwa inaondoka kabla chai haijachemka.

Na siwezi kumlaumu aliyeitengeneza, kwa sababu ilifuata somo letu wenyewe. Siku ya kwanza ya mafunzo tuliambiwa kwamba maumivu ni yale anayoyasema mgonjwa, usijifanye unayajua kumzidi mwenye mwili. Pacha akafundishwa hivyo hivyo. Bangili ikisema moyo unakwenda mbio na usingizi umekatika, lakini mwenyewe kasema mbili, basi pacha anamwamini mwenyewe.

Mimi nilikuwa nyumbani, kwa hiyo nilikuwa na macho. Nilikuwa nampigia daktari na kumweleza nilichokiona, naye anapandisha kipimo cha mofini. Hilo nataka tuelewane: hukukosa dawa kwa sababu ya pacha. Lakini yeye alipoona dawa imeongezeka na wewe bado unasema mbili, akahitimisha kwamba dawa inakutosha na kubaki. Akawa kijani zaidi.

Nilikuuliza siku ile nakukanda miguu kwa nini unaiambia mbili. Uliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanateremka. Ukasema, "Si inampelekea Elibariki? Anaingia darasani, ana watoto wa watu mbele yake. Nimwambie saba, aifanyie nini?" Kisha ukaongeza, "Na wewe usimwambie." Nikanyamaza.

Nilimpigia mara nyingi. Siri yako sikuitoa, nilimwambia tu, Elibariki, njoo. Alikuwa ananijibu, "Dada, nimeangalia sasa hivi, yuko vizuri. Shule zinakaribia kufunga, nitakuja nikae kabisa." Mtu wa hesabu huamini namba, na wewe ulikuwa unampa namba. Ukafa kabla shule hazijafunga. Ulikufa asubuhi, baada ya uji kidogo, umeshika kidole changu, na wakati ule dawa ilikuwa imekaa vizuri. Hilo sikuambiwa na mtu, nililiona.

Alifika jeneza limeshaletwa nyumbani. Hakulia. Aliwasalimia wazee wote mmoja mmoja, kisha akanijia nilipokuwa nimesimama na akina shangazi, akaniuliza, "Dada, ilikuwaje ikabadilika ghafla?" Nikamwambia aketi kwanza. Haikubadilika ghafla, Mama. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, ni yeye tu aliyekuwa hajui.

Kikao cha ukoo kilikwenda vizuri, ungekifurahia. Vitenge vyako viligawiwa, sufuria kubwa ya kupikia loshoro yako ya mahindi na maziwa nikapewa mimi, na nyumba ikaenda kwa Elibariki kwa kuwa ndiye kitindamimba na ndivyo tulivyo. Watu walipoanza kutafuta viatu vyao Baba Mdogo, ambaye hapendi kitu kibaki hakina mwenyewe, akauliza, "Na yule wa kwenye simu, anabaki kwa nani?" Watu walicheka, msiba ulikuwa umeshafika mahali pa kucheka. Elibariki hakucheka. Alisema, "Kwangu." Hakuna aliyepinga, na Farhana akamwandika kuwa ndiye msimamizi wa pacha kwa upande wa familia.

Baadaye kidogo mke wake alinipigia kutoka Songea. Pacha akikosa habari mpya hukisia kutokana na zile za mwisho, na hakuna aliyekuwa amemfunga. Kwa hiyo kila asubuhi simu ilikuwa inamwambia mume wake kwamba Mama ni kijani, amelala vizuri. Naye anaitazama huku anafunga vifungo vya shati na kuitikia, "Haya, Mama." Shemeji... wifi yangu alitaka kujua kama huo ni ugonjwa. Unaona, hata maneno ya undugu yananipotea siku hizi. Nilimwambia huo ni msiba, amwache.

Na mimi ningemwacha. Ningemwacha mpaka azeeke na kijani chake, kama si Mzee Lomayani.

Humjui, ni Mwarusha wa upande wa Ngaramtoni, mfugaji, saratani yake imeingia kwenye mifupa kama yako. Pacha wa mgonjwa mpya hawezi kuanza na kurasa tupu, kwa hiyo Farhana na wenzake huwa wanamwanzishia kwa kuazima kwa pacha mwingine anayefanana naye, mpaka atakapomzoea mwenyewe. Na pacha aliyekamilika kuliko wote, mwenye ugonjwa wa aina hiyo na dawa hizo, alikuwa wako. Mzee akaanziwa na wewe. Naye kila asubuhi alikuwa anaijibu simu kwamba ni nzuri, kisha mbili au moja. Akawa kijani, na gari letu likawa linawafuata wengine.

Nilipita kwake kwa sababu tu nilikuwa na mgonjwa jirani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mgongo umenyooka, ameshika fimbo kwa mikono miwili, jasho linamtoka na kulikuwa na baridi ya mlimani. Nikamwamkia. Za kuamka, nzuri. Za mifugo, nzuri, majani yapo. Mke wake akaleta chai ya maziwa, nikainywa polepole ingawa dereva alikuwa ananipigia honi. Nilipoweka kikombe chini ndipo Mzee akasema, "Ila mwanangu, huu mguu si wangu tena." Nikamuuliza namba. Akafikiri. "Kumi ndiyo ya kufa?" Nikamwambia hapana, ni ya maumivu makali kuliko yote. "Basi tisa. Kumi tumwachie Mungu."

Nilitoka nje nikaegemea gari. Nilikasirika, Mama. Nilikukasirikia wewe. Mzee wa watu alikuwa anaumia kwa adabu yake na kwa mbili zako, na kwenye simu yangu alikuwa kijani, kijani kile kile nilichokizoea kukiona kwako. Wewe ulikuwa na binti muuguzi chumba cha pili. Yeye ana mke asiyeona vizuri, anayejisaidia kwa miwani ya jua ya mjukuu, na anayeogopa kumzidishia kijiko cha dawa. Daktari alipandisha kipimo siku hiyo hiyo, na nilipomrudia Mzee alikuwa amelala mchana kwenye ngozi yake, mke wake ananizuia mlangoni nisimwamshe kwa salamu zangu.

Farhana nilipomweleza alishika kichwa. Alisema, "Dada Aneth, hata bibi yangu yuko hivyo hivyo. Jino linamtoa machozi, ukimpigia anasema salama kabisa, nyie je?" Hakubisha wala hakutafuta maneno. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amebadilisha ile simu: sasa inauliza habari za watoto, za mifugo, za mvua, inampa mtu nafasi, na swali la maumivu linakuja mwishoni. Anayetaja mbili kila siku bila kuyumba anapigiwa na mtu, si mashine. Wazee wengine wameanza kuilalamikia kwamba ina maneno mengi, nami naona hiyo ni dalili nzuri.

Lakini pacha wako alibaki. Farhana alisema kuna njia mbili tu. Afutwe kabisa, na wagonjwa wapya waanziwe na pacha wa watu wa mbali, ambao hawali chakula chetu wala hawajibu simu kama sisi. Au asahihishwe, siku kwa siku, na mtu aliyekuwepo. Aliyekuwepo ni mimi. Na mwenye ruhusa ni msimamizi wa familia.

Sasa unaona nilivyobanwa. Kukutunzia siri ilikuwa ni kuwaachia akina Mzee Lomayani watakaokuja baada yake waumie kimya kimya. Kusema ilikuwa ni kumnyang'anya mdogo wangu kitu pekee alichobaki nacho, kwamba mama yake hakuteseka. Nimehudumia wengi wanaokufa, lakini sijawahi kuogopa kuingia kwenye nyumba kama nilivyoogopa kuingia kwenye nyumba yako mwenyewe, shule zilipofunga na Elibariki akaja.

Nilimwambia shambani. Tulikuwa tunapunguza machipukizi ya migomba, kazi ambayo mtu anaweza kusikia jambo bila kulazimika kumtazama anayesema. Nilimwambia kila kitu: mbili zako, simu, Mzee, na ulichosema nilipokuuliza. Aliendelea kukata. Alikata mpaka chipukizi lililotakiwa kubaki. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alijua kwamba naangalia?" Nikasema alijua. "Kila siku?" Kila siku. Akachomeka panga ardhini akasema, "Umesubiri azikwe ndiyo unaniambia. Ungeniambia ningepanda basi siku ile ile. Wewe na yeye mlikaa mkanipangia." Akaenda ndani. Chakula cha jioni hakula, na asubuhi alikunywa chai amesimama, kama mgeni anayewahi gari.

Hakuwa amekosea. Nimelifikiria sana na sioni mahali alipokosea. Nilikuwa nasema njoo wakati nilipaswa kusema anaumia. Nawe ulimpenda kwa namna iliyomfungia nje. Nimeandika sentensi hii nikaiangalia, nimeiacha, kwa sababu ni kweli na kwa sababu najua ungeipokea ukikunja uso, kisha ungeuliza kama kuna chai.

Nilidhani ataondoka bila kusema neno. Jumamosi, mvua imetufungia ndani, akaja jikoni akasema, "Leta hicho kishikwambi chenu cha kazi." Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Mimi ni mwalimu wa hesabu, Dada. Siwezi kuacha jibu la uongo ubaoni." Tukakaa kwenye meza yako, yeye anaandika, mimi nataja. Farhana alikuwa amepafungua mahali penye majibu yako ya kila siku, mbili, mbili, mbili, mpaka macho yanachoka.

Akawa anasoma siku, mimi nakumbuka. Siku ukishika kikombe kwa mikono miwili, tano. Siku ukiwatuma watoto wa jirani wakacheze mbali, sita. Siku ukiisifia chai kupita kiasi, saba, kwa maana ulikuwa huisikii ladha, ulikuwa unashughulika na kukaza meno. Mwanzoni alikuwa anauliza, nimejuaje. Baadaye akaacha kuuliza. Zipo siku ambazo ilikuwa mbili kweli, na hizo nilizitaja kwa sauti zaidi, na yeye akaziacha zilivyo na kuvuta pumzi.

Tukafika ile Jumapili. Unaijua. Alikupigia kukusimulia mbuzi wa mkuu wa shule aliyeingia ofisini akala madaftari ya mtihani, na ulicheka, ukamwomba arudie, ukacheka tena. Elibariki akaondoa mkono kwenye kioo. "Hii haibadilishwi. Siku hii nakumbuka, alicheka sana." Nikamwambia, "Alicheka. Weka saba." Akavua miwani. Akasema, "Alicheka na saba?" Nikamwambia alicheka na saba, na simu ilipokatika aliomba dawa, na baada ya dawa akaendelea kunisimulia mimi habari za yule mbuzi. Kisha akaandika saba, akaiangalia, na akalia, Mama, ndipo alipolia, ameweka paji la uso mezani kama alivyokuwa akifanya utotoni akishindwa hesabu za jioni. Sikumgusa mpaka alipomaliza. Tunafundishwa hivyo, na safari hii ilikuwa vigumu.

Tulimaliza siku zote zilizobaki. Alipobonyeza kuhifadhi, mfumo ulianza kukokotoa upya, na kijani kikawa kinaondoka kutoka kushoto, wiki baada ya wiki, njano, kisha nyekundu, mpaka siku ile ile tuliyokuwa mezani, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuambia kwamba umekufa. Juu kabisa yakatokea yale maneno tunayoyapata sisi kwenye timu. Elibariki akayasoma kwa sauti ya darasani. "Mgonjwa huyu atembelewe leo."

Akayasoma tena, polepole. Kisha akainuka, akavaa mabuti yako yaliyo nyuma ya mlango, yanambana, akatoka na mvua ile bila mwavuli. Nilimwona dirishani anapita kwenye migomba. Alichuchumaa penye kaburi lako, akaweka kiganja juu ya udongo kama tunavyompima mtu homa, na mdomo wake ulikuwa unasema. Sijui alikuambia nini, wala sikumuuliza. Alikaa huko muda mrefu. Mimi nilichochea moto.

Ameondoka leo. Nilimsindikiza mpaka stendi, na kabla ya kupanda alinipa simu nimwondolee ile programu, akageukia upande wa pili nikiiondoa. Farhana amemfunga pacha mwenye jina lako. Kilichobaki ni namba zisizo na mwenyewe, na wagonjwa wapya wataanziwa na hizo. Watakapokuwa wanaumia, gari litakwenda. Ni kazi yako hiyo, ingawa hukuiomba.

Lipo jambo moja nimebaki nalo. Nilipokuwa nikimtajia Elibariki namba, kuna mahali nilisita. Nilisema saba, nikajiuliza, kwa nini isiwe tisa? Nilikuwa nakuuliza kila asubuhi na mimi, na mimi ulikuwa unanijibu. Muuguzi au si muuguzi, nilikuwa mwanao, na huenda zipo ulizonipunguzia. Sitazijua.

Nakuahidi mambo mawili. Elibariki nitamwambia kila kitu kuanzia sasa, hata kibaya, hata akiwa darasani. Na wagonjwa wangu nitakaa nao mpaka waseme, dereva apige honi atakavyo.

Kwaheri, Mama. Nakukosa sana, zaidi asubuhi. Chochote ulichokuwa unakisikia, hukisikii tena. Hilo peke yake silazimiki kukuuliza.

Mwanao,
Aneth